KUJIPENDA NA KUPENDANA

Ukifika Kabianga, huko Kericho kwenye mashamba ya chai, salamu utakayopewa ni "Chamgei". Neno hili la Kikalenjin lina sehemu mbili. "Cham" ni kupenda. Sehemu ya mwisho yarejesha kitendo kwa mtendaji mwenyewe, kama ilivyo "ji" yetu. Lakini sehemu hiyo hiyo hutumika pia watu wanapotendeana. Kujipenda na kupendana vimekaa nyumba moja.

Mtoto aliyelelewa kwa lugha hiyo akiingia darasani hukutana na Kiingereza, chenye "themselves" na "each other". La kwanza ni kila mtu na nafsi yake. La pili ni huyu kwa yule. Akichanganya, hupigwa mstari mwekundu. Akija kwenye Kiswahili hukuta mgawanyo uo huo: "wanajipenda" ni mbali na "wanapendana". Naye akikosea, sisi watu wa pwani hucheka na kusema, "Kiswahili cha bara hicho!"

Maoni yangu ni kwamba kicheko hicho hakina msingi. Sote tuliokalia mkeka wa chuoni twaijua Suratul Hujurat. Aya ya 11 yawakataza waumini kutiana aibu, na neno lililotumika hapo ni "anfusakum", yaani nafsi zenu. Wafasiri wameeleza kwamba makusudio ni nyinyi kwa nyinyi, kwani mwenye kumwaibisha nduguye amejiaibisha mwenyewe. Katika Suratun Nur, aya ya 61, inayohusu kutoa salamu tuingiapo majumbani, neno ni lilo hilo la nafsi. Basi ikiwa Kiarabu fasaha chaweza kumwita mwenzio nafsi yako, vipi tumwone Mkipsigis kuwa hana akili ya lugha?

Hata Kiingereza chenyewe hakikuzaliwa na kanuni hii. Zama za kale Waingereza walitumia "him" peke yake kwa maana ya yeye mwenyewe, na "self" lilikuwa neno la kutilia mkazo tu.

Sisemi kwamba kila mtu aandike apendavyo. Kanuni za Kiswahili zina faida yake. Mwanafunzi akiandika kwamba wanakijiji "hujisaidia" wakati wa mavuno, naye akusudia kwamba husaidiana, msomaji wa Lamu atafahamu kwamba wamekwenda haja! Kosa hilo lafaa kusahihishwa, na mapema.

Lakini lisahihishwe kwa elimu, si kwa dhihaka. Mwalimu na aanzie kwenye lugha ya mtoto, amwonyeshe kile ambacho lugha yake imekiunganisha, kisha amweleze jinsi Kiswahili na Kiingereza vilivyokitenga. Nyenzo zipo. Dakta Taaitta Toweett, mwanasiasa na mwanaisimu wa Kikipsigis, alitoa kitabu juu ya isimu ya Kikalenjin mwaka 1979. Na hapo Kabianga penyewe pana chuo kikuu kilichopewa hati yake mwaka 2013. Walimu wanaosomeshwa huko wangefaa kufundishwa tofauti hizi kabla ya kukabidhiwa kalamu nyekundu.

Nasi wa pwani tukumbuke kwamba Kiswahili kimekuwa lugha ya taifa zima. Anayejifunza akichekwa leo, kesho atanyamaza, na lugha itakayopata hasara ni yetu.