Kodi ya Nyumba ni Jambo la Mshahara



Kila mwisho wa mwezi maneno yanayofika ofisini kwetu kutoka Kitengela ni yale yale: kodi ya nyumba imepanda tena. Wafanyakazi wengi wa Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta na wa viwanda vya EPZ pale Athi River hulala Kitengela. Hawakuhamia Kajiado kwa kupenda upepo wa mbuga. Walikwenda kwa sababu nyumba zilizo karibu na kazi ziliwashinda bei. Ndiyo maana mji huu, uliokuwa kituo kidogo kwenye barabara ya Namanga, ulihesabiwa mwaka 2019 ukaonekana una watu zaidi ya 150,000.

Sasa hata Kitengela inaanza kutushinda. Bedsita moja mtu huombwa Sh. 6,000, au Sh. 8,000 na zaidi. Kabla hajalaza kichwa humo, alipe kodi ya mwezi na dipoziti ya mwezi mwingine. Bado kuna tokeni za stima, maji ya kununua kwa mtungi mifereji inapokauka, na nauli ya matatu kwenda na kurudi. Mtu wa zamu ya usiku ndiye anayeumia zaidi.

Wengi wetu tukiona haya tunamlaumu mwenye nyumba peke yake. Wako wenye nyumba wabaya, hatukatai. Lakini tunawaomba ndugu zetu watazame upande wa pili pia, yaani upande wa mwajiri.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inasema wazi. Mwajiri atampa mfanyakazi nyumba ya kufaa mahali pa kazi au karibu na hapo. Asipompa nyumba, atamlipa fedha za kutosha kupanga nyumba ya kufaa, juu ya mshahara wake. Angalieni maneno hayo: “za kutosha”. Sheria haikusema fedha zozote zile.

Je, zinatosha? Tupige hesabu pamoja. Amri ya mishahara iliyoanza kazi Novemba 2024 ilimpa kibarua wa Nairobi kima cha chini cha Sh. 16,113 kwa mwezi. Posho ya nyumba katika amri hizo ni asilimia 15. Hiyo ni Sh. 2,417. Na Nairobi ndiko kima kilikokuwa cha juu. Kwingine kilikuwa chini ya hapo. Kwa Sh. 2,417 hupati bedsita Kitengela, hata nusu yake. Kinachobaki unakitoa katika chakula na karo za watoto.

Iko pia sheria ya kuzuia kodi kupandishwa ovyo, iliyotungwa mwaka 1959, yenye baraza lake la kusikiliza mashtaka ya wapangaji. Lakini sheria hiyo humlinda mpangaji wa nyumba ambayo kodi yake ya kawaida haizidi Sh. 2,500 kwa mwezi. Kwa hivyo posho yetu na ulinzi wetu vyote viwili vimepimwa kwa nyumba ambayo haipo tena! Mswada wa kubadilisha mambo haya ulipelekwa Bungeni mwaka 2021, lakini Bunge lile lilimaliza muda wake kabla haujawa sheria. Na tangu Machi 2024 mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba za Serikali, hata kama bado anapanga.

Ndugu zetu, posho ya nyumba haikuanguka kutoka mbinguni. Mwezi wa Julai 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na taabu ya nyumba ilikuwa katika malalamiko yao makubwa. Serikali ya kikoloni ikalazimika kuunda tume chini ya Bwana Willan kuchunguza habari hiyo. Wazee wale walijua kwamba kodi ya nyumba ni sehemu ya mshahara. Sisi tumeisahau habari hiyo.

Tufanye nini basi? Kwanza, kila mwanachama asome barua yake ya kazi na karatasi ya mshahara. Mwajiri huweza kusema kwamba posho imo ndani ya mshahara, lakini jambo hilo lazima liwe limeandikwa katika mkataba wako au katika mapatano na chama. Kama halikuandikwa, mwone mwakilishi wa chama kazini kwako. Pili, weka risiti za kodi, au ujumbe wa malipo ulio katika simu. Mapatano yakifika, tutahitaji kumwonyesha mwajiri bei ya nyumba kwa karatasi, si kwa kelele. Tatu, katika mapatano yajayo tudai posho inayofuata kodi za mahali watu wanapoishi, na gari la kuwarudisha nyumbani watu wa zamu ya usiku. Nne, tuwaulize wabunge wetu ile Sh. 2,500 itakaa katika sheria mpaka lini.

Anayehamia mbali zaidi kila kodi inapopanda atafika Isinya, kisha Kajiado mjini, na kodi itamfuata huko huko. Msihame kimya kimya. Njoni mkutanoni na karatasi zenu.

Umoja ni nguvu.

Mhariri