Pesa ya vizazi vijavyo ianze na mtoto wa miaka mitatu

Camarades wa Kolwezi, Likasi, Fungurume na Lubumbashi,

Kila mara swali la watoto ndani ya machimbo likirudi, watu wanatuuliza: nyinyi vijana munasema nini? Leo tunasema. Lakini tunaanza na mtoto ambaye hakuna mtu anamutaja, ule wa miaka mitatu. Yeye hachimbi, habebi mfuko. Amefungwa mgongoni mwa mama anayeosha mawe ndani ya maji, ao amekaa pembeni ya kifusi na dada yake wa miaka tisa, ambaye saa hiyo angekuwa darasani.

Tangu Januari 2016, Amnesty International na Afrewatch walipotoa ripoti yao juu ya kobalti, dunia imepiga kelele nyingi. Kampuni zimeandika kanuni, serikali imeahidi, kuta zimejengwa, polisi wamewekwa mlangoni. Sawa. Lakini ukuta haulei mtoto. Ukimufukuza mama na mtoto wake kwenye chimbo asubuhi, saa nne utawakuta kwenye chimbo ingine, ao kwenye depo, ao sokoni, mtoto amelala chini ya meza. Muulize huyo mama juu ya nini amemuleta mtoto kazini. Atakujibu kwa swali: "Mutoto nitamuacha na nani?"

Kuna wakubwa wanasema mtoto akae na bibi yake, ndiyo desturi yetu. Bibi yuko wapi? Kolwezi imejaa watu waliokuja kutafuta maisha. Bibi yuko Kamina, yuko Kasai, ao yeye mwenyewe anaosha mawe.

Tuangalie sheria. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema shule ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za serikali. Gratuité ilianza Septemba 2019, na tuliipokea kwa furaha hata kama madarasa yalijaa kupita kiasi. Lakini hiyo bure inaanzia miaka sita. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inajua kabisa ile maternelle, sisi tunaita gardienne, ya watoto wa miaka 3 mpaka 5. Inaitaja, inaipanga, lakini haimulazimishi mtu. Na kitu kisichokuwa cha lazima, serikali yetu haikijengi. Leo katika nchi nzima, watoto wa miaka 3 na 4 wanaopata nafasi ya kujifunza mbele ya shule ya msingi hawafikii 10 kwa 100.

Chini ya miaka mitatu, sheria inamujua mama mwenye kontra tu. Kodi ya kazi inamupa wiki 14 za mapumziko ya uzazi, na akirudi kazini anapewa nusu saa mara mbili kwa siku kwa ajili ya kunyonyesha. Vizuri sana. Mama anayeosha mawe hana kontra. Mapumziko yake yanaisha siku njaa inaingia nyumbani.

Tusidanganyane, gardienne ziko. Ziko za parokia, za makanisa, za watu binafsi waliofungua mlango katika nyumba yao, na wengi wanafanya kazi kwa moyo. Lakini tumetembea katika katia zetu na tumeona: mahali pengine tantine mumoja na watoto arobaini, choo kimoja cha watu wakubwa, maji kwenye bidoni, hakuna daftari linaloandika nani amemuchukua mtoto jioni. Nani anapita kukagua? Yule anayekuja anauliza karatasi na taksi, haulizi maji. Na wazazi wanalipa minerval pale pale.

Halafu kuna swali la saa, na hapa hata wenye kulipa wanakwama. Gardienne nyingi zinafungwa kabla ya mchana. Nani amemaliza kazi saa sita? Mama wa soko, muosha mawe, fundi wa nguo, mufagiaji wa kampuni, wote wanarudi jioni. Basi nani anaenda kumuchukua mtoto? Ni dada yake. Anatoka darasani saa tano na nusu, leo, kesho, mpaka mwalimu anaacha kumuuliza. Tukilia kwamba wasichana wanaacha shule, tukumbuke pia saa ya kufunga ya gardienne. Gardienne iliyopangwa kwa saa za mwalimu peke yake, na si kwa saa za mama, inahamisha tu shida kutoka mgongo wa mama kwenda mgongo wa binti.

Wazee wa kambi watatuambia: wakati wa Kampani vitu hivi vilikuwako. Ni kweli. Union Minière ilikuwa na hospitali, kipimo cha watoto wachanga, masomo, posho kwa familia, na Gécamines iliendelea na mengi kati ya hayo. Hatuombi kurudi kule. Ule mukoloni alimulea mtoto juu alimuhitaji kama mufanyakazi wa kesho, na aliyefukuzwa kazi alipoteza nyumba, posho na shule ya watoto siku moja. Wazee wetu waliionja tena hasara hiyo baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka 1990, halafu katika ile "départ volontaire" ya 2003 wakati zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka Gécamines. Kazi ya baba ilipokwisha, kila kitu kilikwisha nayo. Kwa hiyo sisi hatutaki gardienne ya kampuni. Tunataka gardienne ya komini, inayobaki hata kampuni ikiondoka.

Tena isijengwe popote tu. 2018, watafiti wa UNILU pamoja na wenzao wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya vipimo vyao kwa watu wa Kasulo, ile katia ya Kolwezi ambako watu walichimba mpaka chini ya nyumba zao. Walikuta kobalti nyingi katika mikojo ya wakaaji, na watoto ndio walikuwa nayo zaidi. Mtoto anatambaa, anatia mkono mdomoni, vumbi linaingia. Kuweka gardienne karibu na depo ya mawe ni kumukusanyia mtoto vumbi mahali pamoja. Na uji wa asubuhi si zawadi ya mufadhili: katika nchi hii watoto karibu 4 kwa 10 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na huwezi kumufundisha rangi na hesabu mtoto ambaye hajala tangu bukari ya jana.

Sasa watasema: pesa hakuna. Hapa ndipo tunakasirika.

Code ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawanya redevance hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa komini, sekteri ao sheferi ambako madini yanatoka, na 10% kwa Mfuko wa madini kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kobalti imetangazwa kuwa madini ya kimkakati, na redevance yake ni 10%. Nje ya hiyo, kila kampuni inatoa angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, na tena inasaini cahier des charges na wakaaji. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka hapa. Kwa hiyo mtu asituambie pesa hakuna. Atuambie imeenda wapi.

Tumeona ile pesa ikigeuka kuwa magari ya wakubwa, rangi mpya kwenye bureau, mnara kwenye rond-point. Ni vitu vinavyopendeza siku ya kukata utepe. Gardienne haina utepe, ina mishahara. Ni hapo kazi yote iko. Kujenga vyumba viwili ni rahisi. Kumulipa tantine kila mwezi, kwa miaka kumi, ndiyo siasa. Tayari tuna walimu wengi wa shule ya msingi ambao serikali haijawaingiza kwenye orodha ya malipo. Hatutaki kuanzisha kundi ingine la wamama wanaofanya kazi bure kwa jina la upendo wa watoto.

Basi, kwa bourgmestre na wakuu wa sekteri: bandikeni ukutani, mwezi kwa mwezi, redevance iliyoingia na matumizi yake. Wekeni sehemu ya ile 15% kwa nyumba za watoto, zifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi na zifungwe saa kumi na moja jioni, kuanzia mahali wamama wanafanyia kazi. Kwa wajumbe wa jamii wanaokaa kwenye meza ya 0.3%: nyinyi mumekaa pale kwa jina letu, andikeni gardienne katika mpango. Kwa wizara ya elimu: mwaka mumoja wa bure mbele ya shule ya msingi, katika kila shule ya serikali.

Na kwako camarade: redevance ni pesa ya wote, na kuuliza matumizi yake si kosa. Wiki hii nenda kwenye bureau ya komini yako, omba kuonyeshwa bajeti ya mwaka. Usiende peke yako, nenda na wamama watano wa soko na watoto wao mgongoni. Wakikataa, andika jina la bureau, tarehe na jibu lao, ututumie. Barua ya kupeleka iko tayari, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Chapisha nakala mbili, moja ipigwe muhuri ya mapokezi, ubaki nayo.