Mkutano wa mtaa upewe meno, tumechoka kuitwa kupiga makofi

NDUGU msomaji, wewe uliyekaa kijiweni kando ya Barabara ya Nyerere ukilisoma gazeti hili la kuazima, tunakuuliza swali moja tu. Ni lini mara ya mwisho serikali ya mtaa wako ilikuuliza jambo lolote?

Hatusemi kuelezwa. Kuelezwa tumeelezwa sana hapa Mabatini. Tumeelezwa ada ya taka, tumeelezwa mchango wa ulinzi, tumeelezwa siku ya ugeni wa mkubwa na mahali pa kusimama tukimsubiri juani. Sisi tunasema kuulizwa, ukajibu, na jibu lako likabadilisha kitu. Kama hukumbuki siku hiyo, basi uko pamoja na wenzako wengi.

Tuanze na kilichoandikwa, maana wakubwa wanapenda kutuambia kwamba sisi wa vijiweni hatujui sheria. Ibara ya 146 ya Katiba ya nchi hii inasema kazi ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na kwamba vyombo hivyo viwashirikishe wananchi katika mipango ya maendeleo ya mahali pao. Imeandika madaraka, ndugu msomaji. Matangazo ya kipaza sauti hayakutajwa humo.

Nchi hii inajua kinachotokea mji ukikosa sauti yake. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, shughuli zote zikabebwa na maofisa wa serikali kuu mikoani na wilayani. Miji ikachakaa. Taka zikalundikana, mitaro ikaziba, kipindupindu kikatupiga katika miaka hiyo hiyo ya 1970. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa, na mwaka 1982 zikatungwa sheria mbili, Na. 7 kwa ajili ya wilaya na vijiji, na Na. 8 kwa ajili ya miji.

Hapo kwenye sheria mbili ndipo mlalahoi wa mjini alipopigwa changa la macho.

Mjomba wako aliyebaki Misungwi au Magu anaishi chini ya Sheria Na. 7. Kijiji chake kinatambuliwa kisheria, kinaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye kauli ya mwisho katika mambo ya sera ya kijiji, na kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Unatakiwa ukutane kila baada ya miezi mitatu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji mpaka mkutano huo ukubali. Mara ngapi sheria hiyo inakanyagwa ni habari nyingine, lakini mjomba ana mahali pa kushika.

Wewe uliyekuja mjini kutafuta maisha ukajikuta chini ya Sheria Na. 8. Mtaa wako haukupewa hadhi hiyo. Kazi ya kamati ya mtaa ni kutekeleza yaliyoamuliwa na halmashauri ya jiji, kushauri, kutunza daftari la wakazi. Mkutano wa wakazi ukisema "hapana", halmashauri hailazimiki kusikia. Umetoka kijijini ukiwa na kauli, ukafika mjini ukabaki na ushauri. Na huyo mwenyekiti mnayemrushia maneno kila siku hana fungu la maana mkononi, anaishi kwa posho na mihuri ya barua.

Kuna wanaosema vijana hawajali mambo hayo, wanachojali ni mkate wao. Sawa, tuzungumzie mkate.

Desemba 2016 wamachinga wa katikati ya Jiji la Mwanza waliondolewa. Ndani ya siku chache, Rais John Magufuli aliamuru zoezi hilo lisitishwe. Vijana wakashangilia, na nani angewalaumu? Mwaka 2021, wakati wa Rais Samia Suluhu Hassan, amri ikageuka nchi nzima, wamachinga wapangwe, watoke barabarani. Vijana wakafunga tena mizigo. Tazama vizuri, ndugu msomaji. Amri ya kuwatoa ilitoka juu, amri ya kuwaacha ikatoka juu, na amri ya kuwatoa mara ya pili nayo ikatoka juu. Hakuna hata moja iliyoanzia kwenye mkutano ambao muuza mitumba na mwenye duka na mpita njia walikaa pamoja wakakubaliana nani akae wapi na saa ngapi. Huruma ya mkubwa ni kitu kizuri, lakini anayeishi kwa huruma huamka kila asubuhi akisikiliza redio kujua kama leo bado ana kazi.

Au chukua kodi ya jengo. Zamani hiyo ilikuwa fedha ya halmashauri. Ikahamishiwa TRA, na tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500. Wewe mpangaji wa chumba kimoja, ukinunua umeme mwanzo wa mwezi, unalipa kodi ya nyumba ambayo si yako. Nani aliitisha mkutano hapa mlimani akauliza kama mpangaji alipe au mwenye nyumba alipe?

Barabara nazo vivyo hivyo. Tangu mwaka 2017 barabara za mitaa ziko chini ya TARURA. Mkazi akilia juu ya kichochoro kilicholiwa na mvua, mwenyekiti anamtuma kwa diwani, diwani anasema hiyo ni TARURA, na TARURA haikupigiwa kura na mtu yeyote. Kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake, lakini hapa wasiokilalia ndio wanaoamua kifukizwe dawa lini.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lipo jambo limefanyika katika vilima vyetu ambalo linaonyesha kwamba kumbe inawezekana. Hapa Mabatini na kwenye vilima vingine vya jiji, nyumba zimeng'ang'ania miamba na gari la kunyonya choo haliwezi kupanda. Kwa miaka mingi mvua ikinyesha, uchafu uliteremka hadi Mto Mirongo na kutoka huko ukaingia Ziwa Victoria. MWAUWASA wakaja na mfumo rahisi wa majitaka, mabomba membamba yanayolazwa kina kifupi na kupita uani kwa watu, yakifuata mteremko. Bomba la namna hiyo haliendi popote bila majirani kukubaliana. Likitoka choo cha huyu linapita mbele ya mlango wa yule na nyuma ya jiko la mwingine. Mmoja akikataa, wote wa juu yake wamekwama. Kwa hiyo kazi hiyo haiwezekani bila kuongea na watu nyumba kwa nyumba.

Sasa tuulize. Kama mkazi wa Mabatini ana akili ya kutosha kukubaliana na jirani yake juu ya bomba la choo, kwa nini akili hiyo hiyo haifai linapokuja suala la fedha za kata?

Wala si jambo geni Tanzania. Katika miaka ya 1990, pale Hanna Nassif, Kinondoni, Dar es Salaam, eneo la makazi holela lililokuwa likizama kila masika, wakazi waliunda chama chao, wakashirikiana na jiji pamoja na wafadhili kama Shirika la Kazi Duniani, na wenyewe wakajenga mitaro na barabara. Vijana wa pale pale ndio walioshika sururu na kulipwa ujira. Mvua zikaja, maji yakapata njia.

Tuvuke mpaka twende Kenya. Mwaka 2013 Kaunti ya Kiambu ilipitisha sheria yake ya fedha yenye ushuru na ada mpya. Wananchi wakaenda mahakamani wakidai hawakushirikishwa. Aprili 2014 Mahakama Kuu ikaifuta sheria ile, kwa sababu kushirikisha wananchi lazima kuwe kwa kweli, si kutimiza ratiba. Katiba yao ya 2010 imewapa wananchi hoja ya kwenda nayo kortini, wakaitumia.

Na mbali zaidi, huko Porto Alegre nchini Brazili, tangu mwaka 1989 wakazi wa mitaa walikuwa wakikutana kila mwaka kuamua sehemu ya bajeti ya jiji iende wapi, kwenye mabomba ya majitaka, kwenye lami au kwenye shule. Walichagua wajumbe wao wa kufuatilia fedha hizo hadi mradi uishe. Utaratibu ule ulidumu miaka mingi, ukaja kudhoofika pale wakubwa wa jiji walipobadilika na kuacha kuujali. Funzo tunalolichukua ni kwamba jambo la namna hii lisipofungwa kwenye sheria, linaondoka na aliyelileta.

Wakubwa watatujibu kwamba hapa kwetu upo utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni kweli upo. Wakazi wanaitwa, wanataja vipaumbele, vinaandikwa kwenye karatasi kubwa, vinapanda kwenye kata, vinapanda jijini. Huko juu vinakutana na ukomo wa bajeti uliokwisha kupangwa, na karatasi inakwenda kulala kabatini. Mwaka unaofuata mnaitwa tena kutaja yale yale. Hiyo ni danganya toto.

Tunachodai hakihitaji fedha za mfadhili wala safari ya mafunzo ng'ambo.

Kwanza, Bunge liirekebishe Sheria Na. 8 ili uamuzi wa mkutano wa wakazi wa mtaa uwe na nguvu katika mambo ya mtaa, kama ilivyo kijijini. Mtu wa mjini si nusu raia.

Pili, bila kungoja Bunge, Halmashauri ya Jiji inaweza kesho asubuhi kutenga fungu kwa kila kata na kusema hili litapangwa na mikutano ya mitaa. Hata likiwa dogo. Wakazi wachague kama ni ngazi za mawe za kupandia mlimani, taa, au mtaro.

Tatu, fedha zibandikwe ukutani. Kilichokusanywa, kilichotumika, nani alilipwa. Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani iliyowekwa kisheria mwaka 2018, ambayo sehemu yake ya asilimia 4 ni mikopo ya vijana, majina ya vikundi vilivyokopeshwa yawe hadharani. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya madudu yaliyojaa ndani yake, ikarudishwa 2024. Kama majina yangekuwa ukutani, vikundi hewa vingeonwa na majirani kabla ya wakaguzi.

Nne, mikutano iitwe saa ambazo watu wapo. Ukiita mkutano saa nne asubuhi siku ya kazi, kijana yuko Mwaloni Kirumba anabeba samaki, yuko kwenye bodaboda, yuko anaponda kokoto. Itisheni Jumapili jioni muone kama hawatakuja.

Tano, kila mkutano uanze kwa kusomewa yaliyoamuliwa mkutano uliopita na kilichotendeka. Kama hakikutendeka, mtendaji asimame aseme kwa nini.

Kuna jambo la kura pia, na hatuwezi kulinyamazia. Katika uchaguzi wa Novemba 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa. Novemba 2024 malalamiko ya kuenguliwa yakarudi, na chama tawala kikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya mitaa nchini. Mwenyekiti anayejua hakuna wa kumng'oa ana sababu gani ya kuitisha mkutano? Hilo lingetuuma hata kama chama kinachobebwa kingekuwa chetu.

Na sasa tugeuke kwako, kijana. Usidhani tutawatupia wakubwa lawama zote halafu wewe uendelee na bao lako. Usukuma wa zamani vijana walikuwa na nsumba ntale wao, kiongozi wa rika, na mambo ya kazi za kijiji hayakwenda bila wao. Leo mkutano wa mtaa ukiitwa wanakwenda wazee kumi na wale wale wa kupiga makofi, kisha jioni wewe unatukana uamuzi wao kijiweni. Uamuzi uliokutana na viti vitupu ulikuwa rahisi kupita.

Mkutano ujao nenda, na usiende peke yako. Nendeni ishirini. Ulizeni maswali matatu tu. Mtaa huu umeingiza shilingi ngapi mwaka huu? Tulichokubaliana mara ya mwisho kimefika wapi? Vikundi gani vya vijana wa kata hii vimekopeshwa? Mkikosa jibu, andikeni barua ofisini. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na hesabuni siku.