Hesabu ya Tajiri

Katika mikutano yetu hapa Minneapolis na Saint Paul kuna jambo likitajwa tu wazee wanakohoa na kina mama wanatazama pembeni: vilabu vya wanenguaji wa uchi vya katikati ya jiji. Hivi karibuni imezungushwa tena karatasi ya kukusanya saini ili vifungwe, na sababu iliyoandikwa ni moja tu, aibu. Sisi hatukutia saini. Si kwamba vilabu hivyo tunavipenda. Karatasi ile imetazama nguo na haikutazama mkataba.

Wengi wetu bado tunadhani hii ni biashara ya wahuni wa vichochoroni. Zamani kidogo ilielekea huko. Minnesota ilikuwa na Ferris Alexander, mwenye maduka na sinema za ngono zaidi ya kumi na mbili. Alitiwa hatiani mwaka 1990, akafungwa miaka 6, akatozwa faini ya dola 100,000, na serikali ikamnyang'anya biashara zake pamoja na karibu dola milioni 9. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1993. Aliyedhani kwamba biashara ya uchi imezikwa siku hiyo alikosea. Ilivaa suti tu. Rick's, iliyoanzia Houston mwaka 1983, iliingia soko la hisa la Nasdaq mwaka 1995, na kabla miaka ya 1990 haijaisha ikawa na klabu hapa Minneapolis. Kampuni mama, RCI Hospitality, iliripoti mapato ya karibu dola milioni 295 kwa mwaka wa fedha wa 2024, yakiwemo ya mikahawa yake. Wale tuliotia akiba ya uzeeni katika mifuko inayonunua soko zima la hisa huenda tunamiliki kipande chake bila habari. Karatasi ya saini haikugusia hilo.

Sasa tutazame mashine yenyewe inavyofanya kazi. Kwingineko mwajiri humlipa mfanyakazi. Katika vilabu hivi, kwa kawaida, mfanyakazi ndiye anayelipa. Mnenguaji akifika zamu anatoa ada kwa klabu, kisha anatarajiwa kumpa chochote dijei, baunsa na wengineo, na ndipo aanze kutafuta chake kwa wateja. Usiku wa Januari, theluji imefunga barabara na viti vimebaki vitupu, anaweza kurudi nyumbani akiwa na pungufu ya alichokuja nacho. Klabu haina hasara kwake, maana imeshachukua ada yake. Tena kumwongeza mnenguaji mmoja hakuigharimu klabu kitu, kwa hiyo inafaidika kuwajaza wengi wagombee wateja wachache. Sisi wahandisi tunaijua mashine ya namna hii: mzigo wote umeegemezwa kwenye kipande kilicho chembamba kuliko vyote.

Mtu wa Dar es Salaam hahitaji mhandisi amweleze. Ndiyo hesabu ya daladala. Inyeshe isinyeshe, abiria wawepo wasiwepo, jioni dereva anapeleka hesabu kwa tajiri, na kinachobaki, kama kimebaki, ndicho chake.

Tofauti ni kwamba huku hesabu imeandikwa na wanasheria. Mnenguaji anaitwa mkandarasi huru, neno tamu kweli. Huko New York wanenguaji wa Rick's walilipeleka neno hilo mahakamani, na mwaka 2013 jaji wa shirikisho aliamua kwamba walikuwa waajiriwa, kwa kuwa klabu iliwapangia kanuni na kuwatoza faini. Humo ndimo ilimoonekana ile kuponi maarufu: mteja anailipia dola 24, imeandikwa 20, mnenguaji anapewa 18. Kampuni ilimaliza kesi mwaka 2015 kwa kukubali kulipa dola milioni 15. Kuponi hizo hizo zilirudi Septemba 2025, Mwanasheria Mkuu wa New York alipoishitaki kampuni na baadhi ya wakuu wake kwa madai ya kumhonga mkaguzi ili kukwepa zaidi ya dola milioni 8 za kodi ya mauzo. Kampuni ilikanusha.

Hapa kwetu, baada ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota kuwasikiliza wanenguaji wenyewe, Halmashauri ya Jiji la Minneapolis ilipitisha kanuni mwaka 2019: haki zao zibandikwe ukutani, anayelalamika asilipiziwe kisasi, na mameneja wasipokee bakshishi kutoka kwao. Wakati huo jumuiya yetu ilikuwa kimya. Mtu atasema, dini haituruhusu kuwatetea. Dini zetu zote mbili zinakataza kumdhulumu mfanyakazi kwa ukali ule ule zinaokataza zinaa, na hatujaona karatasi ya saini dhidi ya dhuluma.

Na mkataba huu hauko mbali nasi. Madereva wa Uber na Lyft, wengi wao watu wa Afrika Mashariki, walipigana hadi jimbo likaweka kima cha chini cha dola 1.28 kwa maili na senti 31 kwa dakika kuanzia Desemba 2024. Tuliwashangilia, na ilikuwa haki. Lakini hao wanaoshika usukani na yule anayepanda jukwaani wanaitwa kwa jina moja, wakandarasi huru. Mbona tunamwona ndugu mmoja tu?

Tumalizie kwa wale ambao hawatapenda makala haya. Miongoni mwetu wapo wenye mashirika ya kutunza wazee na wagonjwa, watu wa kiti cha mbele, ambao wauguzi wao wanapangiwa zamu, sare na nyumba ya kwenda, kisha mwisho wa mwaka wanakabidhiwa fomu ya 1099 kana kwamba kila mmoja ana kampuni yake. Tangu Julai 2024 sheria ya Minnesota inaruhusu faini ya hadi dola 10,000 kwa kila kosa la namna hiyo. Baadhi ya majina yao yako juu kabisa kwenye ile karatasi ya saini. Katika mkutano mkuu ujao tunaomba waje na orodha ya wafanyakazi wao, watuonyeshe ni wangapi wanaopewa W-2.