Mhasibu kijana asiachwe peke yake

Nilipoajiriwa kwa mara ya kwanza kuwa karani wa hesabu katika kampuni moja jijini Nairobi, hata miezi miwili haikuwa imetimia mkubwa wangu aliponiletea risiti za safari ambazo hazikufanywa. Alinitaka niziingize vitabuni na kutia sahihi. Nilikuwa na kodi ya nyumba, karo ya ndugu yangu na mitihani ya CPA iliyosalia. Nilitia sahihi. Hadi leo najuta.

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Kijana aliye kwenye mkataba wa miezi mitatu hawezi kubishana na anayemwandikia barua ya kuongezewa muda. Wakaguzi wanapofika, mkubwa hukana. Sahihi ni ya kijana.

KASNEB, inayowatahini wahasibu wetu, ilianzishwa mwaka 1969, na chama chao, ICPAK, kiliundwa mwaka 1978. Kanuni za maadili zipo. Lakini asiyemaliza mitihani bado hajawa mwanachama kamili, ilhali yeye ndiye anayeandika hati za malipo kila siku.

Naomba ICPAK iwafungulie vijana hawa mlango wa kupata ushauri kwa siri. Waajiri nao waagize kwamba anayeidhinisha malipo ndiye atie sahihi kwanza.

Nawe kijana, ukiagizwa jambo la shaka, omba agizo hilo kwa maandishi. Wengi hughairi hapo hapo. Kibarua kikiota nyasi utapata kingine. Jina likichafuka halifuliki.