Onyesho la wachoraji wawili

Ndugu Mhariri,

Kila mkigusa uchoraji wa Tanzania mnaishia kwa Tingatinga. Twiga wa michoro hiyo wananipendeza, lakini tunao pia wachoraji wa ardhi yenyewe: Sam Ntiro wa Machame na Elimo Njau wa Marangu, wote wanafunzi wa Margaret Trowell pale Makerere. Ntiro alichora vijiji, migomba, watu wakifanya kazi pamoja. Mchoro wake wa 1956, wa wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, uko New York, Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa. Sisi wa Kagera, tunaoijua pombe hiyo, rubisi, kuliko watu wa huko, wangapi tumeuona hata gazetini? Njau naye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965.

Ombi langu dogo: chapeni kazi zao kwenye kurasa mbili za kati, nasi tuzibandike ukumbini kwetu, wawili hao ubavu kwa ubavu. Ukuta wa pili tuwaachie vijana wachore vilima vya Ngara na maporomoko ya Rusumo. Gundi tutanunua wenyewe.

Msomaji wenu,
Nyantakara, Kagera