Masafa ya gari la umeme yapimwe kwa lugha moja

Neno 'masafa' linapotezewa maana na wauza magari ya umeme. Muuzaji husema gari lake 'linakwenda kilomita 400', kisha akanyamaza. Kwa mkazi wa Shika Adabu anayetaka kujua iwapo atafika Lunga Lunga na kurejea bila ya kusukuma gari, kauli hiyo haimfai kitu.

Tuchukue Nissan Leaf iliyozinduliwa Japani mwaka 2017, yenye betri ya kilowati-saa 40, yaani uniti 40 kama tunavyozihesabu za stima. Kipimo cha Kijapani cha wakati ule kiliipa kilomita 400. Wamarekani walipoipima kwa taratibu zao, wakapata 243. Gari ni lile lile! Safari ya Lunga Lunga, kwenda na kurudi, inakaribia kilomita 200. Kwa hesabu ya Japani utarudi na nusu ya umeme wako. Kwa ya Marekani utaipita Msambweni ukikitazama kipimo kila dakika, hasa ukiwasha kiyoyozi.

Hayo ni gari likiwa jipya. Sheria yetu huruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka minane, na betri huchakaa. Ya Leaf haipozwi kwa maji kama zilivyo nyingi za kisasa, nayo joto huila. Wenye magari hayo huko Arizona walilalamika mwaka 2012, na Pwani yetu nayo si mahali pa baridi. Penye dashibodi mna vijisehemu 12 vinavyoonyesha uzima wa betri. Mnunuzi na avihesabu kabla ya kuuliza bei. Leaf iliyobakiwa na vijisehemu vinane huenda ikauzwa rahisi, lakini bei hiyo ukiigawa kwa kilomita zilizosalia, urahisi wenyewe hutoweka.

Muda wa kuchaji nao hutajwa vivyo hivyo, bila ya kusemwa kwa chaja ipi. Betri hiyo, kwa soketi ya kawaida ya nyumbani, huchukua karibu siku nzima. Kwa chaja ya ukutani, takriban saa nane. Kwa chaja kubwa ya haraka, kama dakika 40 kufikia asilimia 80, mradi tundu lioane, kwani la Leaf ya Japani si sawa na la magari ya Ulaya.

Sikusudii kumtisha mtu. Mwaka 2023 halmashauri ya kawi, EPRA, iliidhinisha nauli maalumu ya umeme wa magari: shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa ambazo matumizi ni machache, kabla ya tozo. Gari linalokula uniti 17 kwa kilomita 100 litatumia chini ya shilingi 300. Hakuna petroli itakayoshindana na hilo.

Lakini mnunuzi sharti aambiwe anachonunua. Shirika la Viwango, KEBS, tayari hudai magari yaliyotumika yakaguliwe kabla ya kupakiwa melini kuja Mombasa. Cheti hicho na kiongezwe mistari mitatu: masafa na kipimo kilichotumika, uzima wa betri siku ya ukaguzi, na aina ya tundu la kuchajia. Na muuzaji akibandike kiooni, pale anapobandika bei.